Aliyenijibu Ukutani

Sogezeni viti, wanangu, karibu kabisa na kitanda, maana sauti iliyonibakia ni kidogo na sitaki ipotelee njiani kabla haijawafikia. Wewe binti yangu mkubwa, weka chini hiyo chupa ya dawa. Uuguzi wako nimeuona na nimeushukuru, leo nataka masikio yako tu. Wewe uliyeanza kuirithi shule ya udereva kabla sijafa, zima simu. Na wewe kitinda mimba, kaa hapo miguuni pangu ulipozoea kukaa, ila usianze kulia, kwa sababu ukianza wewe wataanza wote, na kilio kikivuka ukuta huu shangazi yenu atakisikia. Mnaisikia cherehani yake? Maadamu inazunguka, tunaweza kusema. Ikinyamaza, nami nitanyamaza, na asitamke mtu neno mpaka ianze tena.

Nimewaita kwa ajili ya wosia, na mambo ya mali nitayasema, hayana urefu. Lakini kuna jambo lililonipata majuzi, nalo ndilo lililoniangusha hapa, si mapafu kama daktari anavyodhani. Mliambiwa nimekwenda hospitali kuu kupigwa picha ya kifua. Sikwenda hospitali. Nilikwenda makao makuu ya jeshi la anga, nimeitwa na ofisa aliyezungumza nami kwenye simu kwa heshima iliyopita kiasi, na heshima ile ilinitia hofu kuliko kama angenifokea. Nilirudi hapa nikakaa kwenye kiti cha barazani na viatu vyangu mguuni mpaka mkaja kunivua ninyi, mkadhani nimechoka na safari. Nilikuwa nimekufa ganzi, wanangu. Mpaka sasa nikinyanyua kikombe nashangaa kuona mkono ni wangu.

Sikilizeni basi, na mshikane mikono. Mume wa shangazi yenu amekufa. Hakufa jana wala mwaka jana. Alikufa siku ileile tuliyopaa pamoja, kabla jua halijapanda vizuri, ninyi wote mkiwa hamjazaliwa.

Tulieni. Najua mnachotaka kuniuliza, kwa sababu nami nilikiuliza, tena kwa kelele, ndani ya ofisi ya watu. Mmekua mkisikia kwamba Mlingoti yuko hai, amefichwa, iko siku watamwachia. Mmesikia kutoka kwangu. Kila mwaka mpya nimesema mbele ya shangazi yenu, mwaka huu atarudi, na ninyi mkaitikia. Acheni niwaeleze ilivyokuwa, hatua kwa hatua, ili mtakapoulizwa na watu msibabaike.

Mlingoti mnamjua kwa ile picha ya sebuleni tu, ambayo mpiga picha alimkata utosi kwa sababu hakuenea. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu, na nilimtania siku zote kwamba alimwoa dada yangu kwa ajili ya cherehani yake. Ovaroli za jeshi zilimwishia juu ya vifundo vya miguu, akionekana kama mtu aliyevaa nguo za mdogo wake, basi dada akamwongezea kipande cha kitambaa chini ya kila mguu, cha kijani kilichopauka kuliko kile cha serikali, akakishona kwa mshono wake ule wa kwenda na kurudi mara mbili. Mnaujua mshono huo, mmeuvaa tangu chekechea. Mkubwa wetu wa kikosi alifumba macho, kwa sababu rubani mzuri hatolewi angani kwa ajili ya suruali.

Tuliruka wawili wawili, na mimi nilikuwa kiongozi wa jozi yetu. Kila mara kabla ya kupanda, nilimgonga kofia yake mara mbili kwa vifundo vya vidole, naye akanigonga yangu mara moja. Zile mbili zinauliza, upo? Ile moja inajibu, nipo. Ulikuwa mchezo wetu sisi wawili, hakuna mwingine pale kikosini aliyeucheza, na siku moja tulipousahau tulikwenda mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, tukashuka wote wawili kutoka kwenye ndege zetu, tukagongana kofia, tukapanda tena, na mafundi wakatutazama kama wendawazimu.

Siku ile tulitumwa kupiga daraja. Tulilipiga. Wakati wa kugeuka nikamwona Mlingoti akifuka moshi mweupe upande wa kulia, lakini ndege yake ilikuwa bado imenyooka, akaingia kwenye wingu, na hapo ndipo macho yangu yalipoachana naye. Nami nikapigwa dakika hiyohiyo. Niliruka kwa mwamvuli nikaangukia shamba la watu, mkono ukavunjika, na wakulima wakanifikia kabla ya askari. Walinipiga kwa mipini ya majembe. Siwalaumu, nilikuwa nimetoka kulivunja daraja lao.

Sikufungwa gerezani. Walinitia katika kiwanda cha sabuni kilichokuwa kimefungwa, chumba kimoja chenye dirisha dogo juu, sakafu inateleza kwa mafuta ya miaka mingi, na harufu ile ikaniingia mpaka kwenye meno. Sasa mmejua kwa nini sabuni ya mche haikupata kuingia nyumba hii, na kwa nini marehemu mama yenu alikuwa akifua kwa ya unga tu wakati wanawake wenzake wakimcheka kwamba anajidai. Mhoji wao alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, hakunipiga hata kofi. Aliniambia, mwenzako naye tunaye, ameshatueleza yote, umebaki wewe. Wanangu, nilikuwa nimefundishwa kwamba mhoji husema uongo. Nikafanya ujanja wangu: ile sehemu ya pili nikaitupa, nikaishika ile ya kwanza. Tunaye. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili.

Mlinzi wangu alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi kisichokwisha. Alileta chakula amebeba sahani mbili. Moja alinisukumia chini ya mlango, ya pili akaondoka nayo, nikasikia mlango wa chumba cha pili ukifunguliwa. Nikajiuliza, sahani hiyo ni ya nani kama si ya Mlingoti? Basi asubuhi nikagonga ukuta mara mbili. Kimya. Kesho yake nikagonga tena, kimya. Nikaendelea hivyo mpaka nikakata tamaa, na tamaa ilipokatika, chakula nacho kikakataa kushuka. Msije mkawasimulia wajukuu zangu kwamba niligoma kula kishujaa. Koo lilifunga tu. Mkono ulianza kuoza, homa ikapanda, na nikawa nalala uso ukutani nikingoja kumalizika.

Asubuhi moja nikagonga mara mbili kwa mazoea, bila kungoja kitu. Na ukuta ukanijibu. Mara moja.

Nimeoa, nimezaa, nimewapokea ninyi watatu kutoka mikononi mwa mkunga, lakini sijapata tena furaha kama ile, na msinichukie kwa kulisema hilo. Nililia kama mtoto. Nilijiburuta mpaka kwenye sahani nikala wali uliokwishapoa kwa mkono mmoja. Kuanzia hapo kila asubuhi niligonga mbili, nikajibiwa moja, nami nikala, nikawaonyesha mkono wangu wakaufunga, nikatembea chumbani ukuta hadi ukuta, nikimsimulia Mlingoti kwa sauti ndogo mambo ya nyumbani ingawa nilijua hanisikii. Alikuwa upande wa pili. Yupo. Mtu anaweza kuishi kwa neno hilo moja, nami niliishi.

Ngojeni. Imenyamaza.

…Anakata uzi. Haya, imeanza tena. Nipe maji, binti. Kidogo, yanatosha.

Siku ya kubadilishana mateka walinitoa wakanipeleka kwenye basi. Nikawaambia siingii bila mwenzangu wa chumba cha pili. Wakatazamana. Yule mkubwa wao akasema hawana rubani mwingine, nami nikamcheka usoni, nikamwita mwongo, nikashika nguzo ya mlango kwa mkono wangu mzima mpaka wakanibeba kama gunia. Yule mlinzi mwembamba alikuwa amesimama pale, anatazama viatu vyake. Nilidhani ni aibu ya uongo wa wakubwa wake.

Nilipofika nyumbani niliwakuta wameketi. Jeshi lilikuwa limetangaza tumekufa wote wawili, na wakwe wa dada walikuwa wamekusanyika kumaliza msiba ili kila mtu ashike njia yake. Dada alikuwa amevaa nguo nyeusi, amekonda. Watu walipiga ukelele waliponiona, wengine wakakimbia. Lakini mimi sikungoja hata kukumbatiwa. Nilisimama katikati ya ua nikasema, ondoeni viti, hakuna msiba hapa, Mlingoti yu hai, nilikuwa naye ukuta kwa ukuta, na asubuhi ya kuondoka kwangu amenijibu. Baba yake, mzee wa watu, alipiga magoti akanibusu mikono. Mbele ya watu wote, wanangu. Na dada akaenda ndani, akavua ile nguo nyeusi, na kabla hatujamaliza kunywa chai tukaisikia cherehani. Alikuwa anamshonea mumewe shati la kumpokelea.

Mmeshaelewa. Naona kwenye nyuso zenu mmeshaelewa. Lile kabati lake, ambalo mlikuwa mkichapwa mkiligusa, mashati yale marefu yaliyopangwa, kila mwaka moja, ya mikono mirefu kupita watu. Mlipokuwa wadogo mliyavaa mkicheza, yakaburura chini kama mazulia, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Na sasa hivi mnadhani anashona nini? Ni la mwaka huu.

Marehemu mama yenu peke yake ndiye aliyeniuliza. Tulikuwa tunaanika nguo, akaniuliza polepole, "Ulimwona?" Nikamwambia nilimsikia. Akasema, "Nimekuuliza, ulimwona?" Nikamtupia shuka lililolowa nikaondoka, na hatukusemezana muda mrefu, na hata tulipopatana sikumsamehe kwa swali lile. Amekufa nikiwa bado na kijiba hicho moyoni. Mtakaponipeleka kunilaza karibu naye, mmoja wenu ainame pale kaburini kwake amwambie kwamba alikuwa sawa, na kwamba mume wake anamwomba radhi. Najua hasikii. Semeni hivyohivyo.

Kuna jingine. Yule seremala aliyetengeneza meza yetu ya chakula, alifiwa na mke angali kijana, alikuwa mtu wa taratibu, mikono yake inanukia mbao. Alikuja kwangu kuniomba dada, kwa adabu, na kofia yake mkononi. Dada hakukataa, alisema tu, muulizeni ndugu yangu. Nami nilimfuata yule mtu mpaka kwenye karakana yake, nikamwambia mbele ya wanafunzi wake kwamba anamtaka mke wa mtu. Alihama mtaa. Alioa mahali pengine akazaa watoto, nami nilipokutana naye njiani nikatazama pembeni nikidhani mimi ndiye mwenye haki. Shangazi yenu angekuwa na watoto. Nikiwaza hapo akili inagoma, nawaambieni kweli, inasimama kama gari lililozimika kwenye mlima.

Sasa ya makao makuu. Kule ng'ambo ya mpaka walikuwa wakichimba mfereji kukausha kinamasi, mashine ikagota kwenye chuma. Ulikuwa mkia wa ndege ya kikosi chetu. Serikali mbili zikaandikiana, na kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyebaki katika jozi ile, nikaitwa nikatambue. Waliniingiza chumba chenye feni inayolia, wamefunika meza kitambaa cheupe. Ofisa akanionya nikae kwanza. Nikamwambia mimi nimekaa chini ya mizinga, nitasimama. Akafunua.

Kulikuwa na vifungo vya mikanda ya kiti. Vimefungwa, wanangu. Vimefungwa barabara kama alivyovifunga asubuhi ile mimi nikimtazama. Hakuruka. Hakujaribu hata kufungua. Ofisa akasema walimkuta amekaa. Nami bado nilikuwa nakataa, nikasema vifungo ni vifungo, vya mtu yeyote hivyo. Ndipo akanisogezea sahani ya bati yenye kipande cha nguo iliyogeuka rangi ya tope, akakiinua kwa koleo ndogo. Kilikuwa ni vitambaa viwili vilivyoungwa, kimoja kimepauka kuliko kingine, na mshono ulikuwa wa kwenda na kurudi mara mbili. Tope lilikula kila kitu likashindwa na uzi wa dada yangu.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Niliwauliza, kama huyu yuko hapa, chumba cha pili alikuwamo nani? Niliuliza mara nyingi, mpaka askari wa mlangoni akaingia. Ofisa alikuwa anababaika. Lakini pembeni, kwenye benchi, alikuwa ameketi mzee mmoja niliyedhani ni ndugu wa mtu fulani, na mzee yule akakohoa. Nilikitambua kikohozi kabla sijautambua uso.

Alikuwa ameisikia habari ya mfereji huko kwao, akaomba aje. Alisimama kwa shida, akaniita afande. Akasema, "Afande, chumba cha pili hakikuwa na mtu. Kilikuwa stoo ya magunia. Mimi ndiye niliyekuwa nakula mle."

Nikamuuliza, "Na aliyekuwa akinijibu?"

Alikunja vidole, akagonga meza mara moja.

Wanangu, nimeruka kutoka ndege inayowaka, na sikuhisi vile. Nikakaa sakafuni, afande mzima mwenye mvi, mgongo kwenye ukuta wa ofisi. Naye akashuka akakaa karibu yangu, akanieleza. Alisema alikuwa akinisikia kila asubuhi nikigonga na kungoja, nikigonga na kungoja, na sahani zangu zikirudi hazijaguswa. Aliona siku zangu zimekwisha. Hakujua nagonga kwa maana gani, alijua tu kwamba mtu anayegonga ukuta anataka ukuta umjibu. Akagonga mara moja, moja tu, kwa sababu angezidisha wenzake wangemsikia na yeye angefungwa. Jioni yake sahani ikarudi tupu. Basi akaogopa kuacha. Alisema hata siku zake za mapumziko alikuwa akija kiwandani mapema kugonga, kisha anarudi kwao kulala, na mkewe akamshuku ana mwanamke.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ya basi. Akasema, "Nilitaka. Nikakuona ulivyoshika nguzo, nikasema moyoni, huyu akijua atafia hapahapa."

Sijui nimshukuru au nimlaani, na ninakufa bila kujua. Bila yeye nisingerudi, na ninyi watatu msingekuwako chumbani humu. Kwa sababu yake, mwanamke ameketi kwenye cherehani akiishonea mifupa. Hapana, nisimtupie yeye. Yeye aligonga tu. Mimi ndiye niliyeupeleka ule mlio nyumbani nikaupa jina. Kijana wangu, nakuona ulivyokunja ngumi. Kunjua. Mzee yule atakuja kwenye mazishi, nimemwalika mwenyewe. Mpeni kiti upande wa familia, mpeni na maji ya moto kwa kikohozi chake, na asitokee mtu wa kumhoji. Alishahojiwa na mimi.

Sasa yashikeni haya, pumzi inanipungukia. Nyumba hii ni ya shangazi yenu. Si ya kukaa kwa hisani yenu, ni yake, mpaka atakapotaka yeye mwenyewe kuigawa, na anayetaka kubisha abishe sasa nikimwona. Hakuna? Vizuri. Shule ya udereva ni ya ninyi watatu, na lile gari kuukuu lenye breki mbili msiliuze, limewavumilia wajinga wengi. Wanafunzi waendelee kulizunguka na kulikagua kabla ya kuwasha, hata wakicheka. Nishani yangu mnizike nayo, sitaki mtu aitundike ukutani.

Keshokutwa watamleta Mlingoti. Gari la jeshi litasimama pale mlangoni, lenye bendera, na askari watashuka wamevaa glavu nyeupe. Shangazi yenu asilione gari hilo kabla ya kuambiwa. Hilo ndilo jambo la leo, mengine yote ni maneno tu. Nimejaribu kila siku tangu nirudi. Anapoingia na uji, ninafungua mdomo, ninasema umetia sukari nyingi. Mimi, niliyesimama mbele ya wahoji. Azikwe Mlingoti kwanza, hata nikitangulia kukata roho mnisubirishe. Na lile kabati lifunguliwe. Asipewe mtu yale mashati, wala yasiuzwe; aamue yeye mwenyewe, akitaka kumfunika nayo yote, mfunikeni yote.

Na lingine, kubwa kuliko hayo. Mnaujua mchezo wetu wa asubuhi, mimi na shangazi yenu, ambao ninyi mnauita simu ya wazee. Alipohamia chumba hicho baada ya mama yenu kufa, aliniomba nimfundishe tulivyokuwa tukigonga, akasema anataka kuzoea, ili mumewe akirudi asimwone mgeni. Basi hugonga mbili, nami hujibu moja, na tangu niugue hugonga kila amalizapo kushona kitu, ajue kama nipo. Sikilizeni kwa makini. Siku nitakapokuwa sipo, atagonga. Asijibu mtu. Hata kwa huruma, hata akigonga mpaka mioyo yenu ipasuke, mkono wa mtu usiuguse ukuta huu. Mzunguke mlangoni mwake, mwingie, mmwambie kwa mdomo, mkimtazama machoni. Huruma ya ukutani imetosha katika ukoo huu.

Nimechoka. Nimesema yote? Sogeeni niwaguse vichwa. Mungu awape… awape macho ya kuona wenyewe. Awape watu wa kuwauliza maswali, na mioyo ya kutowakasirikia. Mpendane. Msilale na…

Imenyamaza.

Shh. Anakunja nguo.

Hizo. Mmezisikia? Mbili.

Nishike mkono, binti. Nishike kwa nguvu, unakwenda wenyewe, umezoea, usiuache ufike ukutani. Hivyo. Hivyohivyo. Acha angoje kidogo. Ee Mungu, kumbe ndivyo unavyolia ukimya upande huu.

Anagonga tena. Nenda, kitinda mimba, nenda kamfungulie mlango. Mwambie ndugu yake anamwita. Mwambie nipo. Ninyi wawili niinueni niketi, mniwekee mto. Nifuteni uso.

Karibu, dada. Hapana, sijazidiwa, ni hawa wanatia chumvi. Kaa hapa kitandani. Umelimaliza? Ni refu. Ni zuri, mshono ni uleule. Usiliweke chini, lishike. Lishike, na mkono wako mwingine nipe mimi.

Dada. Yule niliyekuwa nikigongeana naye ukutani hakuwa mumeo.